Walimficha daktari dawa ya dada yangu wasije wakaitwa watu wa Ndera

Wakuu, habari za huko mliko.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nacheka na nyuzi zenu, naondoka kimyakimya. Ila leo nimeshindwa kuondoka kimya. Nitakayoandika nimeyaona mwenyewe au nimeambiwa na dada yangu, na dada yangu si mtu wa kutia chumvi. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Kilichonitibua ni ujumbe kwenye group la WhatsApp la familia. Mtu kaweka picha ya dada yangu akiwa amekonda kama ufito, kaandika: "Tumshukuru Mungu, malaria kali imeshindwa." Chini yake maua, mikono ya kuomba, na mama mkwe wa dada anaitikia "Amina."

Malaria!

Wakuu, haikuwa malaria hata ya kusingiziwa. Dada yangu nusura afe kwa sababu ya kidonge, na waliokuwa wanajua anameza kidonge hicho walikaa mbele ya daktari wakakikana kama Petro alivyomkana Bwana wake. Halafu leo wananiambia niandike Amina.

Sasa nianze mwanzo, msije mkaniona kichaa.

Mimi na dada yangu Dafroza ni Wanyarwanda tuliokulia Karagwe, Tanzania. Kiswahili ndicho tulichochezea utotoni. Baadaye tukarudi nyumbani. Mimi nafanya kazi hoteli moja pale Kiyovu, Kigali, nasimamia chumba cha kufulia mashuka. Dada aliolewa na Evarist, mfanyabiashara wa mabati na misumari, wana nyumba na kishamba Masaka, pembeni ya Kigali. Wanaishi na mama yake Evarist, ambaye sisi sote tunamwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima. Alikulia Bujumbura, naye Kiswahili anakijua, cha kwao huko.

Wana binti mmoja, Ange. Ange alikuwa ameshapata mchumba, na shughuli ya gusaba ilikuwa inakaribia.

Kwa msiojua, gusaba ni siku familia ya kijana inakuja kumwomba binti mbele ya watu, kuna wasemaji wa pande zote mbili, kuna ng'ombe, kuna maneno ya mzunguko mpaka watu wanacheka. Ila kabla ya siku hiyo, upande wa kijana unapeleleza. Hao watu ni wa namna gani? Kwao kuna wizi? Kuna uchawi? Kuna ugonjwa wa kichwa?

Hilo la mwisho ndilo lililotaka kumzika dada yangu.

Dafroza anaumwa mwili mzima kwa miaka. Si mgongo wala goti. Mwili. Kuna siku hata mkanda wa sketi unamuuma, ukimshika bega kwa upendo anaruka. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, kama alilala hata hivyo. Amepigwa picha kila kona ya mwili, damu imepimwa mpaka nikasema wamwachie kidogo ya kutembelea. Majibu ni hayo hayo: "Mama, hatuoni kitu."

Hatuoni kitu! Mtu analia kwa kuvaa nguo, wewe huoni kitu.

Nanyi mnajua mgonjwa asiyeonekana ugonjwa wake anavyosemwa. Mvivu. Anataka kuhurumiwa. Mawifi wakasema amezoea kuhudumiwa. Mmoja akaleta habari ya majini. Dada akajifunza kunyamaza. Akiumwa analima huku anauma meno, na akiulizwa anasema "ni salama."

Mwishowe alikwenda kliniki moja binafsi mjini, akampata daktari aliyemsikiliza angalau. Akamwambia maumivu ya namna yake ni ya kweli, kwamba mishipa inapiga kelele bila jeraha. Akamwandikia kidonge cha kumeza jioni.

Jina la dawa sitalitaja, na msinifuate inbox. Nikilitaja, kuna mtu ataitupa yake chooni leo hii bila kumwuliza daktari, halafu lawama zije kwangu. Ni dawa inayofahamika, inasaidia watu wengi. Kazi yake ya kwanza ni huzuni kubwa, lakini wengine hupewa kwa maumivu sugu na kukosa usingizi. Mwilini kuna kemikali inaitwa serotonin, inabeba taarifa nyingi, za hisia, za usingizi, za maumivu. Dawa hii inaziba baadhi ya milango ambayo hiyo serotonin inapitia. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa baadaye, na mimi si daktari, wataalamu mnirekebishe.

Na ilifanya kazi, wakuu. Hilo lazima niliseme kwa haki.

Dada alilala. Usingizi wa mtoto. Akaamka akapika, akaenda kuvuna maharage yake, akarudi akiimba. Nilimtembelea Jumapili moja akanikumbatia yeye mwenyewe, kwa nguvu, mimi ndiye niliyeogopa. Nikamwuliza amepata nini. Akatazama chini, akasema "vitamini za mishipa."

Mimi nikaamini. Ningejuaje?

Kumbe siku walipokwenda famasi, dada na Mukecuru, kijana wa pale alikata vidonge kwenye karatasi yake, akatia kwenye kibahasha, akauliza kwa sauti watu wote wa foleni wasikie: "Hii ni dawa ya akili, nani anaumwa?"

Hebu fikiri. Foleni imejaa majirani.

Kigali hapa kuna sehemu inaitwa Ndera, yenye hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wanalima huko, wanajenga nyumba nzuri, ni mtaa kama mitaa mingine. Lakini mdomoni mwa watu jina limegeuka tusi. Ukikosana na mtu anakwambia "nenda Ndera." Hospitali inatibu watu wanapona, sisi tumeigeuza matusi. Ujinga wetu wenyewe.

Basi Mukecuru alitoka famasi akiwa ameshakata shauri. Nyumba nzima ikapewa amri: dawa hii haitajwi. Si kwa jirani, si kanisani, si kwa mdogo wake Kiyovu, yaani mimi. Ange anaposwa, watu wa kijana wakisikia mama mtu anameza dawa za Ndera, ng'ombe watageukia njiani. Evarist, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaitikia ndiyo mama.

Na dada naye akaitikia. Mtu aliyeitwa mvivu miaka yote hiyo akipata usingizi atakubali sharti lolote.

Kisha homa ikaja.

Ilianza na koo. Dada anasema ilikuwa kama amemeza kaa la moto. Mukecuru akachemsha tangawizi na limau. Homa ikapanda, mdomoni vikatokea vidonda, kwenye fizi, chini ya ulimi, mate hayamezeki. Wakampeleka kituo cha afya. Kipimo cha malaria kikasema hakuna malaria, wakampa antibayotiki za kumeza. Hazikusaidia kitu. Siku aliyoanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia ndipo Evarist akanipigia simu. Nikaacha mashuka kwenye mashine, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali.

Nilifika daktari yuko naye. Daktari mwanamke, kijana, anaongea taratibu. Akauliza, kwa Kinyarwanda, kuna dawa zozote anatumia nyumbani?

Mukecuru akajibu kabla mtu hajafungua mdomo: "Nta yo." Yaani hakuna.

Evarist akaangalia viatu vyake.

Dada hakuweza kuongea, mdomo umevimba. Aliniangalia, akamwangalia mama mkwe wake, akafumba macho. Mimi nikadhani ni homa. Nikasema kwa mdomo wangu mpana, "Anakunywa vitamini tu, daktari." Nilikuwa nakariri nilichodanganywa.

Majibu ya damu yakaja, daktari akarudi akiwa na uso mwingine. Akatueleza kwamba kwenye damu kuna chembe nyeupe, hao ni askari wa mwili, na kuna kundi lao linalopigana na bakteria. Kundi hilo kwa Dafroza lilikuwa karibu na sifuri. Hata mdudu mdogo wa mdomoni, ambaye mimi na wewe tunaishi naye kila siku, anaweza kumwua. Akauliza tena, safari hii kwa kusisitiza. Dawa yoyote? Za kienyeji? Za usingizi? Za maumivu? Sindano ya mtaani?

"Hakuna," wakasema. Wote wawili. Kwa pamoja, kama kwaya.

Naomba msome hapo mara mbili. Daktari anasema huyu mtu anaweza kufa, nisaidieni nijue kwa nini. Nao wanasema hakuna.

Basi yule daktari akaanza kutafuta gizani. Wakampima virusi, wakampima ini, wakazungumzia kutoboa mfupa watazame uboho, pale damu inapotengenezwa. Wakamtia antibayotiki kali za mshipa. Wakamhamishia chumba cha peke yake, mlangoni sheria: hakuna wageni, anayemhudumia avae mask na anawe mikono, hakuna maziwa mabichi, hakuna matunda yasiyomenywa.

Sheria hizo waziandikie nchi nyingine. Huku kwetu mgonjwa ni wa watu wote. Usipokwenda kumwona mgonjwa, siku ukiugua wewe utahesabu dari peke yako. Na kumpelekea chakula hospitali, kugemura tunavyoita, ni wajibu. Watu wakaja na mabakuli. Jumuiya ya kanisa ikaja nzima na rozari zake. Shangazi yake Evarist akaja anakohoa, anajifuta pua kwa kitenge, anasema nataka tu nimshike mkono mwanangu.

Nani alisimama mlangoni? Mimi. Evarist alikuwa na kazi ya kupokea simu.

Niliwaomba kwa upole, wakuu, nawaapia. Upole ulipoisha nikasema kwa ukali. Shangazi akaniambia Utanzania umenipotosha, nimekuwa mtu wa mlango. Mwingine akanong'ona, makusudi nisikie, kwamba anayezuia watu kumwona mgonjwa ana lake jambo. Yaani mchawi ni mimi.

Siku hiyo hiyo wakaja pia watu wa kijana. Mama wa mchumba mwenyewe, Mama Patrick, mfanyabiashara wa vitenge, marashi yake yanafika kabla yake. Amebeba chombo cha maziwa. Nikamwambia mama, samahani, ndani hauingii na maziwa hayaingii. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zangu za hospitali. Akamkabidhi Evarist maziwa, akageuka, akaondoka.

Mukecuru aliwaka. "Umeharibu harusi ya mutoto," akaniambia.

Hali ya dada ikawa inazidi. Daktari haelewi. Dawa ni kali, zinaingia kwa saa zake, lakini askari hawarudi. Akasema kitu kimoja ambacho sitasahau: "Ni kama kuna kitu bado kinawaua."

Kilikuwepo.

Alasiri moja nilitoka kufua khanga zake nikarudi kimya. Mukecuru amekaa pembeni ya kitanda, mgongo umenielekea. Ana kikombe cha uji wa mtama, igikoma, na kwa mgongo wa kijiko anaponda ponda kitu kwenye sahani. Nikasikia kile kilio kidogo cha kitu kigumu kinasagika.

Nikasogea. Ni kidonge. Anakigeuza unga, anakitia kwenye uji, kwa sababu dada hawezi kumeza kidonge kizima na vidonda vile.

Nikamwuliza ni nini hicho.

Akashtuka, akabadili lugha hapo hapo. Mukecuru akitaka manesi wasielewe huongea Kiswahili, kana kwamba manesi wa Kigali hawajui Kiswahili.

"Weye nyamaza," akasema. "Ni dawa yake. Ya ile mwili. Namupa kila siku, sijaruka hata mara moja. Muganga wa kule mujini alisema isirukwe."

"Daktari wa hapa anajua?"

"Ajue ya nini? Ni dawa ya Ndera! Ile familia ya kijana iko na watu hapa ndani. Ikijulikana, nani ataoa kwetu?"

Wakuu, sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima wa umri ule. Siku ile nilipanda. Nilimnyang'anya kikombe, uji ukamwagika kwenye shuka. Nikapiga kelele, daktari, daktari, njoo uone tunachomlisha mgonjwa wako! Korido nzima ikasimama. Kama familia ya kijana ilikuwa na watu humo ndani, basi walisikia vizuri sana.

Na Mukecuru analia, anasema kitu kimoja tu: "Ndiyo inamusaidia. Ndiyo inamusaidia."

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Angekuwa mchawi ningemchukia nikapumzika. Hakuwa mchawi. Alikuwa anampenda. Alikuwa anamwua kwa mkono wake, kwa upole, kijiko kwa kijiko, huku anampangusa mdomo.

Daktari akachukua vile vidonge vilivyobaki, akasoma jina mgongoni mwa karatasi. Akakaa kwenye kiti. Akatuambia kwamba dawa ya kundi hili, kwa watu wachache sana, inaweza kufanya mwili uangamize au uache kutengeneza wale askari. Kwa nini inampata huyu na si yule, hakuna anayejua sawasawa. Lakini inajulikana. Dalili zake zinajulikana: homa, koo, vidonda vya mdomo. Ukiziona unaacha dawa siku hiyo hiyo chini ya daktari, unapima damu. "Mngeniambia siku ya kwanza," akasema, "tusingefika hapa." Hakupandisha sauti, na hilo likauma zaidi.

Dawa ikasimamishwa. Antibayotiki zikaendelea, na sindano nyingine ya kuamsha uboho. Tukakaa tunasubiri. Mara ya kwanza daktari aliposema askari wameanza kuonekana, niliingia chooni nikalia mpaka mhudumu akagonga mlango. Homa ikashuka, vidonda vikakauka, dada akaomba ndizi. Akaishi.

Mkadhani hasira zangu ziliisha. Nilikwenda kwa yule daktari wa kliniki ya mjini.

Nikamweleza. Akasikitika kweli, sitamsingizia. Kisha akasema, "Lakini hiyo ni nadra sana."

Nadra kwa nani? Kwa yule iliyemkuta si nadra, ni yote. Nikamwuliza kwa nini hukumwambia neno moja tu: ukipata homa na koo, rudi? Akajibu kwamba wagonjwa wa maumivu sugu wana hofu, ukiwatajia side effects wanaacha dawa kabla haijawasaidia. Kwa hiyo alinyamaza eti kwa faida ya mgonjwa.

Sasa hebu tazameni. Daktari kanyamaza kwa faida ya dada. Mukecuru kanyamaza kwa faida ya Ange. Evarist kanyamaza kwa faida ya mama yake. Kila mtu ana huruma, na mwenye mwili amelala hana askari hata mmoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakujua kuna watu wataficha hadi tiba.

Gusaba ilisogezwa mbele, kisha ikafanyika. Ndiyo, ilifanyika, ng'ombe hawakugeukia njiani. Na habari iliyotangazwa rasmi na Mukecuru kwa kila mgeni ilikuwa malaria kali. Mimi nilipangiwa jikoni nisimamie vinywaji, ili mdomo wangu uwe mbali na wageni.

Dada alikaa mbele amevaa umushanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya maziwa, mzuri, anatabasamu. Mimi niliona vidole vyake vimekamata kiti. Maumivu yalikuwa yamerudi yote. Wasemaji walipoanza kurefusha utani wao akaomba udhuru, nikampeleka chumbani akajilaza.

Mama Patrick akatufuata. Marashi kwanza, kisha yeye. Na nyuma yake Mukecuru, mbio, na gauni lake refu.

Mama Patrick akauliza pole, hivi hasa uliumwa nini mwenzangu?

"Malaria," akasema Mukecuru.

Dada akajiinua kwa kiwiko. Akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, kila neno mahali pake: "Si malaria. Nina maumivu ya mwili miaka mingi. Nilikuwa nameza dawa, hizo mnazoita za Ndera. Ikamaliza kinga ya damu yangu. Ndiyo maana mdogo wangu alikufukuza mlangoni."

Mukecuru akashika ukuta. Mimi nikasema moyoni, liwalo na liwe.

Mama Patrick akanigeukia. "Kumbe! Mimi nilidhani hii ni jeuri ya kuzaliwa tu," akasema, akacheka kwa sauti. Kisha akavua viatu vyake vya visigino, akakaa kitandani, kwa uangalifu asimguse. Akauliza: "Na hiyo dawa ilikusaidia maumivu?"

"Ilinisaidia sana."

"Na sasa unalala?"

Wakuu, tangu atoke hospitali, watu walikuja nyumbani kwa makundi. Waliuliza kuhusu homa, wakauliza gusaba itakuwa lini, wakauliza nani alimloga. Hakuna aliyeuliza hilo. Hata mimi niliyejifanya askari wa mlango sikuuliza.

Dada akamjibu, "Hapana. Silali."

Mukecuru aliposikia hivyo akatoka nje. Leo hii bado anasema malaria. Dada ameshasema ukweli mbele ya watu wenyewe waliokuwa wanaogopwa, binti ameolewa, kila kitu kimekwenda, lakini group la familia bado lina malaria. Nimeandika pale ukweli, admin akaufuta. Admin ni Evarist.

Nilichojifunza? Kwamba hospitali unataja kila unachomeza, hata kama kinakuaibisha, hata kama mkwe amesimama hapo. Na wewe unayemeza dawa ya aina hii kwa maumivu au kwa usingizi, usiiache kwa sababu ya uzi wangu. Imeze ulivyoelekezwa. Lakini ukipata homa, koo na vidonda vya mdomo, usichemshe tangawizi. Nenda, sema jina la dawa, dai damu yako ipimwe. Na nyie madaktari mnaotuhurumia kwa kutuficha, acheni. Tuogopesheni. Tutaogopa tukiwa hai.

Sasa swali langu, na ndilo lililonileta.

Juzi nilikwenda Masaka. Dada alikuwa amekaa uani, ameshindwa hata kuchambua mchele. Nikakaa naye. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, vile vidonge vilivyobaki daktari alivipeleka wapi. Nikamwambia Dafroza, vile vitakuua. Akasema, "Najua. Ila nililala."

Nikavuta ule mchele nikaanza kuuchambua mimi.

Hospitali wamempa miadi ya kujaribu njia nyingine, bado tunasubiri. Kwa hiyo aliyeishi na maumivu ya namna hii akapata nafuu kwa dawa nyingine, au mazoezi, au chochote kilichosimamiwa na daktari anayepima damu, naomba aandike hapa, hata mstari mmoja. Nitamsomea. Wa majini apite tu, na anayetaka kuniambia nimekosa adabu kwa mama mkwe wa dada yangu naye apite, nimeshaambiwa na wote.